Harusi ya mlimani Lushoto: nafuu ya loji na pengo la michango

KAMATI ya harusi ikishaletewa bei ya ukumbi wa Dar es Salaam, haikosi mjumbe wa kusimama na kuuliza kwa nini sherehe isipelekwe mlimani. Hutaja Lushoto. Huko, hueleza, kuna nyumba za wageni za mawe na mbao, bustani pana, hewa ya baridi, na mwenye nyumba anayetoza kwa uwanja mzima fedha ambazo mjini hazilipii hata mapambo ya meza kuu.

Mjumbe huyo hasemi uongo. Bei ya uwanja katika loji ndogo za Usambara ni ndogo ikilinganishwa na kumbi za jiji. Lakini uwanja ni kipande kidogo cha hesabu, na kwa harusi inayoendeshwa kwa michango mlima haupunguzi matumizi peke yake. Hupunguza na mapato. Hapo ndipo mtu anayejua kukokotoa faida ya duka hadi senti ya mwisho hukosea katika harusi ya mtoto wake, na pengo likatafutiwa mtaji wa dukani.

SOKO LENYEWE

Mji wa Lushoto uko katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, wakapafanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Ndiyo maana hadi leo huonekana huko nyumba zenye kuta nene na mahali pa kuwashia moto sebuleni, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hulishangaa mpaka usiku wa kwanza wa Julai umkute.

Njia ya kutoka Dar es Salaam ni ile ya kwenda Moshi na Arusha, kupitia Segera na Korogwe hadi Mombo. Ni zaidi ya kilomita 300. Mombo gari huacha barabara kuu na kuanza kupanda kwa kama kilomita 33, kona juu ya kona, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Mombo ni joto, Lushoto ni sweta. Kati yake kuna tofauti ya karibu mita 1,000 za kimo.

Malazi ya huko kwa jumla yako ya aina tatu. Ziko hoteli za mjini, ambazo mtu hufika kwa lami na soko liko jirani. Ziko nyumba za makanisa na za watawa, safi na za bei ya wastani. Kisha ziko loji za pembeni, upande wa Irente penye genge linalotazama Mazinde na nyika za chini, au upande wa msitu wa hifadhi wa Magamba, na nyingine mbali zaidi kuelekea Mtae. Hizi za pembeni ndizo zinazopigwa picha nzuri. Ndizo pia zenye vyumba vichache na njia ya udongo.

Kuhusu nyumba za makanisa, mteja anashauriwa kuuliza kanuni kabla ya kuuliza bei. Nyingi haziruhusu pombe, na baadhi haziruhusu muziki wa kucheza au kelele baada ya saa fulani ya usiku. Kwa familia ambayo haikukusudia pombe, hiyo ni nafuu kubwa, kwani vinywaji ndivyo huvimbisha bajeti. Kwa familia nyingine ni ugomvi wa wajomba unaosubiri siku yake.

HESABU YA PANDE MBILI

Ichukuliwe mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kukokotolea tu, kila kamati iweke bei ilizoletewa. Kinachotafutwa ni namna hesabu inavyokwenda.

Mzazi mwenye duka Kariakoo anaoza kijana wake. Kamati imegawa kadi kwa wachangiaji 250, ahadi ikiwa wastani wa sh. 80,000 kila mmoja. Kwenye daftari hizo ni sh. milioni 20. Mweka hazina mzoefu hawezi kuzitumia zote kabla hazijaingia, kwa hiyo anahesabu robo tatu, yaani sh. milioni 15.

Harusi ya mjini: ukumbi na mapambo sh. 3,500,000, chakula na vinywaji kwa watu 250, sh. 35,000 kwa kichwa, ni sh. 8,750,000; muziki, mshereheshaji na picha sh. 2,500,000, keki, magari na mengineyo sh. 1,250,000. Jumla sh. milioni 16. Pengo ni sh. milioni moja, ambalo mzazi hulitegemea kwenye kikao cha mwisho, pale wajumbe wanapobanwa wamalizie ahadi zao.

Sasa harusi hiyo ihamishiwe Lushoto. Wageni 250 hawatapanda mlima. Kamati inakadiria 80. Uwanja sh. 600,000. Chakula cha sherehe sh. 30,000 kwa kichwa, sh. 2,400,000. Wageni wamefika Ijumaa jioni na lazima wale, sh. 12,000 kwa kichwa, sh. 960,000. Vyumba 40 vya watu wawili wawili, sh. 50,000 kwa chumba pamoja na chai ya asubuhi, kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, sh. 4,000,000. Basi moja na Coaster moja kwenda, kusubiri na kurudi, sh. 3,000,000. Maturubai, muziki na jenereta, vingine vikiletwa kutoka mbali, sh. 2,200,000. Picha na mshereheshaji, pamoja na kuwalaza, sh. 1,300,000. Jumla ni sh. 14,460,000.

Mjumbe wa mlimani atapiga makofi: imeokolewa zaidi ya sh. milioni moja na nusu. Lakini daftari la mapato halijafunguliwa.

Mchangiaji wa harusi, kwa desturi ilivyo, hanunui kiti, lakini anatarajia kukalia kimoja. Kadi ni deni na ni mwaliko kwa pamoja. Akiambiwa sherehe iko zaidi ya kilomita 300 na arudi Jumapili, hutuma salamu na kitu kidogo. Tuseme wale 80 wanaosafiri watatoa ahadi zao zote: sh. 6,400,000. Waliobaki ni 170; ikiwa theluthi yao, watu 57, watatoa wastani wa sh. 30,000, ni sh. 1,710,000. Mapato yote ni sh. 8,110,000.

Pengo ni sh. 6,350,000. Harusi iliyopungua bei imeacha shimo zaidi ya mara sita ya lile la harusi ya ghali. Kwa mwenye duka, shimo hilo ni mzigo mzima wa bidhaa ambao hautaagizwa mwezi ule, na pengine mteja wa jumla aliyezoea kukopeshwa akahamia kwa jirani.

Hilo halina maana kwamba mlima ufutwe. Lina maana kwamba uamuzi wa kwenda mlimani ubadilishe namna ya kuchangisha, na ubadilishwe kabla kadi hazijachapwa.

Njia ya kwanza ni wageni kujilipia vitanda. Katika mfano uliopita, hatua hiyo peke yake huondoa sh. 4,000,000, na pengo hushuka hadi sh. 2,350,000. Wengi huona aibu kumwambia mgeni alipie chumba. Aibu hiyo hupungua mgeni akielezwa mapema, kwa ana kwa ana, na mchango wake wa fedha ukapunguzwa kwa kiasi kinachoeleweka. Anayeambiwa akiwa ameshafika mapokezi na begi mkononi ndiye hulalamika mpaka msibani.

Ya pili ni kutenganisha shughuli. Sendofu au sherehe ya kawaida ifanyike mjini, wachangiaji wote wale na kucheza, na fedha za michango ziishie hapo. Mlimani waende wachache kwa gharama ya maharusi na ndugu wa karibu. Kwa nje huonekana kama harusi mbili, lakini kila moja hubeba mzigo wake, na ile ya mlimani inaweza kuwa ya watu 30, ambao loji moja ndogo huwatosha.

Ya tatu haimhusu kila mtu, nayo ndiyo bora kuliko zote: ukoo wenyewe uwe wa huko. Familia yenye watu wake Lushoto, Bumbuli, Korogwe au Same haina gharama ya mabasi mawili, nusu ya wageni hulala kwa shangazi, na wachangiaji wa nyumbani huja na mbuzi, ndizi na viazi ambavyo haviandikwi kwenye daftari ila huonekana kwenye sahani. Kwa familia ya namna hiyo loji hukodiwa kwa ajili ya uwanja na vyumba vichache vya wageni wa mbali tu, na mara nyingi bei yake ndiyo nafuu ile aliyoisema mjumbe.

VITANDA KABLA YA MANDHARI

Anayekwenda kukagua loji huanza na bustani. Afadhali aanze na vitanda, ahesabu kwa mguu wake, chumba baada ya chumba. Loji ya pembeni yenye vyumba 12 inalaza watu 24, labda 30 wakibanana vijana. Wageni 80 watagawanywa katika nyumba nne au tano, na kila nyumba ina bei yake, funguo zake na saa yake ya kufunga geti.

Kutawanyika huko kuna gharama ambayo haimo katika bei yoyote. Saa tano za usiku sherehe inakwisha, giza ni totoro, njia ni ya udongo na ina bonde upande mmoja. Nani anawarudisha wazee walipolala? Dereva wa basi kubwa hatakubali njia ile, na ana haki. Inabidi zikodiwe gari ndogo za hapo hapo, zenye madereva waliozaliwa na kona hizo, kwa usiku mzima. Kamati ambayo haikuweka fungu hilo hulilipa kwa bei ya dharura.

Baada ya vitanda ni vyoo, na baada ya vyoo ni jiko. Choo kinachotosha watalii wanane hakitoshi harusi, na picha ya tangazo haina harufu. Jiko la loji ndogo lina sufuria za kupikia watu 20. Mwenye loji akisema ataweza watu 80, aulizwe ni nani atapika, atapikia wapi, kuni au mkaa vitatoka wapi, sahani ngapi ni zake na ngapi ataazima. Majibu ya haraka haraka katika maswali hayo manne si dalili nzuri.

Upande wa vyakula mlima una faida ya kweli. Lushoto ni shamba la mboga la jiji: kabichi, karoti, viazi, hoho, nyanya, pamoja na peasi na plamu katika msimu wake, hununuliwa kwa mkulima au sokoni kabla hazijaongezewa nauli na faida ya dalali. Kamati inayokubaliwa kununua mboga na nyama yenyewe, ikawalipa wapishi wa hapo kwa siku, hupunguza bei ya sahani kwa kiasi kinachoonekana. Kinyume chake ni vitu vinavyopanda kutoka chini. Samaki, soda, bia, barafu na maji ya chupa vimeshalipiwa nauli, na duka moja la jirani likiishiwa hakuna la pili.

Umeme ni suala la swali moja: jenereta ni ya nani na mafuta ni ya nani. Likiachwa bila jibu, hujibiwa katikati ya wimbo wa kuingilia maharusi.

MIEZI YA BEI NA MIEZI YA TOPE

Loji za mlimani, kama bidhaa yoyote ya msimu, hushusha bei wanunuzi wanapokosekana. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo rahisi kupata punguzo, na sababu yake iko barabarani. Mvua kubwa huporomosha mawe na udongo kwenye njia ya Mombo hadi Lushoto, na njia za udongo za pembeni hugeuka utelezi. Punguzo la Aprili ni bei ya hatari hiyo.

Juni hadi Agosti ni kavu zaidi lakini baridi ni kali usiku. Sherehe ya jioni chini ya turubai, na mama mkwe mwenye vazi la mikono mifupi, haivumiliki. Wenye akili hufanya sherehe mchana, saa tano hadi saa kumi na moja, jua likiwapo, kisha usiku watu wakaota moto ndani. Julai na Agosti pia ni miezi ya watalii wa Ulaya wanaokuja kutembea milimani, hivyo mwenye loji hana haraka ya kupunguza.

Vuli huja Oktoba hadi Desemba. Desemba ina tatizo jingine lisilohusu mvua: barabara ya kaskazini hujaa watu wanaorudi nyumbani Kilimanjaro na Arusha kwa Krismasi. Mabasi ya kukodi huadimika, bei hupanda, na basi la harusi hupambana na msururu huo huo hadi Mombo. Anayetaka wiki mbili za mwisho wa Desemba na awe amekodi basi mapema sana, au abadili tarehe.

Kinachobaki ni Septemba na mwanzo wa Oktoba, kisha Januari na Februari. Hali ya hewa ni nzuri, watalii wamepungua, na baada ya sikukuu vitanda huwa wazi. Januari ina kasoro ya ada za shule: wachangiaji hawana kitu. Februari basi ndiyo huonekana bora kwa wengi, isipokuwa kwa familia za Kikristo pale Kwaresima inapoanza mapema, na kwa Waislamu pale Ramadhani inapoangukia humo. Kalenda ziangaliwe zote mbili, hasa kwa kuwa katika harusi nyingi wageni ni wa pande zote mbili. Iangaliwe pia kama tarehe hiyo ina mahafali ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto, kwani wazazi wa wahitimu nao wanatafuta vitanda.

NDOA YENYEWE

Wapo wanaolipia bustani kwa sababu wameona picha za ndoa zinazofungwa chini ya miti. Wakatoliki kwa kawaida hufunga ndoa kanisani, na kufunga mahali pengine kunahitaji ruhusa ya uongozi wa jimbo. Madhehebu mengine nayo yana taratibu zake. Basi mara nyingi ndoa itafungwa kanisani mjini na bustani itatumika kwa chakula tu. Umbali wa kanisa na loji uingizwe katika hesabu ya magari. Kwa Waislamu nikaha inaweza kufungwa nyumbani au msikitini, na hapo loji ina nafasi zaidi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Wanaotaka ndoa ya kiserikali wazungumze mapema na msajili kuhusu mahali pa kufungia, kabla ya kulipa chochote kwa mwenye loji. Fedha ya bustani hairudi kwa sababu tu msajili hakuja bustanini.

MALIPO NA MAANDISHI

Bei za loji ndogo hutolewa kwa simu, kwa ukarimu, bila maandishi. Mfanyabiashara ambaye hawezi kuagiza katoni kumi za sabuni bila hati hukubali harusi nzima kwa neno la simu, kwa kuwa mwenye nyumba alionekana mtu mwema. Huenda ni mwema kweli. Lakini wema hauzuii kusahau, wala hauzuii chumba kilichoahidiwa kukutwa na watalii.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe idadi ya vyumba na usiku wake, uwanja kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani analeta maturubai na viti, kama mpishi na vinywaji vya nje vinaruhusiwa na kwa tozo gani, saa ya kuzima muziki, na mafuta ya jenereta. Tozo ya vinywaji vya nje hasa isomwe vizuri. Uwanja wa bei ya chini sana mara nyingi hufidiwa hapo, kwa kila kreti inayoingia getini.

Bei ielezwe ikiwa na kodi au bila kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18 tangu 2009, na loji ambayo haijasajiliwa kwa kodi hiyo haina ruhusa ya kuitoza. Kwenye bili ya sh. milioni saba, asilimia hizo ni sh. 1,260,000, si fedha ya kugunduliwa Jumapili asubuhi. Risiti ya mashine idaiwe, kwani ndiyo ushahidi wa malipo endapo mambo yataharibika.

Arubuni ilipwe kwa akaunti au namba ya malipo yenye jina la biashara, si la kijana wa mapokezi. Kiasi kinajadiliwa, wenye loji wengi wakianza kwa nusu hukubali kushuka ikiwa tarehe ni ya miezi mikavu ya wateja. Cha muhimu kuliko kiasi ni sharti la kuvunjika. Barabara ya Mombo ikifungwa na maporomoko siku ile, nani anabeba hasara? Mwenye loji atasema yeye alikuwa tayari, na ni kweli. Mteja atasema hakuweza kufika, na ni kweli. Suluhisho la haki ni kuandika tangu mwanzo kwamba arubuni itahamishiwa tarehe nyingine ndani ya muda fulani, bila kurudishwa wala kupotea.

Basi nalo lina maandishi yake. Basi la kukodi linalotoka nje ya njia lililopangiwa linahitaji kibali cha LATRA, na kibali hicho kionekane kabla ya siku ya safari. Basi lililozuiwa Chalinze na abiria 60 waliovaa sare za harusi si habari ya kuchekesha kwa aliyelilipia.

KWA UPANDE WA MWENYE LOJI

Wawekezaji wadogo wenye nyumba mlimani huiona biashara ya harusi kama fedha ya haraka. Ina faida, lakini uwanja usiuzwe kwa bei ya kutupa kwa matumaini ya vyumba. Harusi ya Jumamosi moja hufunga nyumba kwa wageni wengine kuanzia Ijumaa, huchosha wafanyakazi, huharibu nyasi, na mtalii aliyelala hapo na ngoma hadi usiku wa manane harudi wala hampendekezi mtu. Afadhali mwenye loji auze nyumba nzima kwa bei moja, vyumba vyote na uwanja pamoja, katika miezi ambayo vitanda vingekuwa tupu. Mteja naye hupata bei anayoielewa, bila kreti kuhesabiwa getini.

Akiwa na fedha kidogo za kuongeza thamani, vyoo viwili vya nje na tangi la maji vitamletea harusi nyingi kuliko vyumba viwili vipya. Vyumba wenzake wanavyo. Na akiafikiana na majirani zake watatu kupokea wageni wanaozidi kwa bei moja iliyokubaliwa, kamati ya Dar es Salaam itazungumza na mtu mmoja badala ya wanne, jambo ambalo wateja wako tayari kulilipia.

Liko pia jambo la mizigo, ambalo pande zote mbili hulipita. Malori yanayoshusha kabichi na karoti kwenda masoko ya Dar es Salaam hurudi mlimani yakiwa na nafasi. Viti, maturubai, spika na kreti za soda vinaweza kupanda na lori kama hilo siku ya Alhamisi kwa nauli ya mapatano, iliyo chini ya kukodi gari maalum. Dereva apewe namba ya simu ya loji, mzigo uhesabiwe mbele ya utingo wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, na nusu ya nauli ibaki hadi viti vyote vionekane.